Mwalimu wa Chekechea Aliyegombea Bunge

Wazee wangu shikamooni, na vijana hamjambo. Nimeombwa niongee kuhusu wasifu wa mgombea: kazaliwa na nani, kasoma wapi, kafanya kazi gani. Kwetu hapo huwa tunapapita mbiombio. Mgombea akishasema ni mtoto wa mkulima, tunapiga makofi na kusubiri ahadi. Leo tukae hapo hapo, na mfano wangu ni Shirley Chisholm, aliyegombea Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1968 katika jimbo la uchaguzi la 12 la New York, huko Bedford-Stuyvesant, mtaa wa Brooklyn ndani ya Jiji la New York.

Alizaliwa Brooklyn mwaka 1924. Baba yake, Charles St. Hill, alitoka Guyana, enzi hizo koloni la Mwingereza, na alikuwa kibarua katika kiwanda cha magunia. Mama yake, Ruby Seale wa Barbados, alikuwa fundi cherehani, tena akifanya kazi za ndani majumbani mwa watu. Fedha hazikutosha. Shirley akiwa bado mdogo, wakawapeleka mabinti zao Barbados kwa bibi mzaa mama, wao wakabaki wakidunduliza. Hili halihitaji maelezo; nani humu ndani hana ndugu aliyelelewa na bibi?

Shule za Barbados zilikuwa za mtindo wa Kiingereza, na fimbo haikuwa mbali. Mwenyewe alikuja kusema kwamba ufasaha wake wa kusema na kuandika aliupata huko. Lakini aliporudi Brooklyn mwaka 1934, alirudishwa madarasa ya nyuma kwa sababu hakujua historia na jiografia ya Marekani! Akafundishwa, akawafikia wenzake.

Alipomaliza sekondari, vyuo vya Vassar na Oberlin vilimtaka, ila nyumbani hapakuwa na fedha ya kumlipia malazi. Akaenda Brooklyn College, akilala kwao. Akasoma sosholojia, na pembeni Kihispania. Kishikilieni hicho Kihispania, nitakirudia. Mwalimu mmoja, Profesa Louis Warsoff, ambaye hakuwa akiona, alimsikia kwenye midahalo akamshauri aingie siasa. Binti akamjibu kwamba amesahau mambo mawili: yeye ni mweusi, na ni mwanamke.

Alihitimu mwaka 1946 kwa alama za juu, akazunguka kutafuta kazi akikataliwa, hadi kituo kimoja cha watoto Harlem kilipomchukua kama msaidizi wa mwalimu. Usiku akasomea shahada ya pili Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1953 akaanza kuongoza vituo vya watoto, kimojawapo kikiwa na watoto zaidi ya 100. Wapo wanaoiita hiyo kazi ya kuchezesha watoto. Mimi naiita kazi ya kujua kila asubuhi mama gani hana nauli, baba gani kaachishwa kazi na nani hajalipa ada. Diwani gani ana taarifa hizo?

Mwaka 1965 akaingia bunge la jimbo zima la New York, si lile la taifa, na mojawapo ya mambo aliyoyapigania ni malipo ya kukosa ajira kwa wafanyakazi wa ndani. Mnakumbuka kazi ya mama yake.

Sasa 1968. Alishinda kura za mchujo za chama chake cha Democratic kwa kura chache, kisha majira hayo ya joto akafanyiwa upasuaji wa uvimbe. Mpinzani wake wa chama cha Republican, James Farmer, mtu maarufu wa harakati za haki, alinadi kwamba jimbo linahitaji sauti ya mwanamume kule Washington. Hesabu ilimpiga chenga: katika daftari la wapiga kura, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, tena kwa mbali. Shirley akapanda gari la kipaza sauti, na mitaa ya Wapuertoriko akaihutubia kwa Kihispania. Akashinda kwa zaidi ya mara mbili ya kura za Farmer, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia katika Bunge hilo.

Wakubwa wa Bunge nao hawakuusoma wasifu wake. Walimpanga Kamati ya Kilimo, na humo wakamtia kwenye mambo ya misitu na vijiji. Mbunge wa Brooklyn! Akasimama akapinga, jambo ambalo wabunge wageni hawakuthubutu. Wakamhamishia kamati ya wanajeshi wastaafu. Akasema afadhali, jimboni kwake wastaafu ni wengi kuliko miti.