Utumbo Unapolala Baada ya Upasuaji

Ndugu wasikilizaji, mgonjwa aliyekatwa kipande cha utumbo mpana kwa sababu ya saratani huulizwa swali moja kila asubuhi: umejamba? Wengi huona haya. Msione haya. Hewa ile ndiyo habari njema inayongojwa wodini.

Utumbo ulioshikwashikwa wakati wa upasuaji huvimba, ukasimama. Dawa za maumivu za jamii ya mofini huuzidishia usingizi. Utumbo mwembamba huamka mapema, mara nyingi ndani ya siku moja. Utumbo mpana ndio wa mwisho, siku 2 hadi 3. Ikizidi hapo tumbo hujaa na mgonjwa hutapika.

Hapo ndipo jamaa hufika na chupa ya mitishamba. Naijua huruma iliyomo ndani ya chupa ile. Lakini sanamaki ni ya mtu aliyefunga choo, na huyu hakufunga choo: utumbo wake umesimama, tena una mshono mbichi. Na ikiwa umeziba kweli, dawa ya kuharisha ni hatari tupu.

Je, mimea haina nafasi? Wajapani wamelishughulikia swali hili kwa dhati. Wana dawa yao ya asili, daikenchuto: tangawizi kavu, mzizi uitwao ginseng, maganda ya sansho, ile pilipili inayotia ganzi ulimi, pamoja na sukari ya kimea. Hutengenezwa kiwandani kwa kipimo maalumu, na madaktari huwaandikia wagonjwa. Sansho huchochea neva za utumbo hata ukajikunja. Hata hivyo, ilipolinganishwa na dawa bandia, yaani ya kulinganishia tu isiyo na tiba ndani yake, kwa wagonjwa wa saratani hii, majibu yalipishana: majaribio mengine yaliona nafuu, mengine hayakuona tofauti ya maana. Ikiwa dawa iliyopimwa hivyo bado ina maswali, mimi siwezi kuidhamini chupa isiyo na lebo.

Kuinuka kitandani mapema, kuanza kula mapema, kupunguza mofini, hata kutafuna chingamu: hayo hutumika kuuamsha utumbo, lakini mwulizeni daktari kwanza.

Na mitishamba mliyokwisha kunywa, itajeni yote kabla ya kisu. Ginseng na vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuzidisha damu kutoka. Mmea uitwao St John's wort hupunguza nguvu ya irinotekani, dawa ya saratani ambayo baadhi yenu mtapewa baadaye. Daktari hatawagombeza, anataka tu kujua kilichomo mwilini.