Kongosho Haimsubiri Mtu

Wenzangu, mliowahi kunisikia mnajua ninapoelekea. Vumilieni, maana fomu za kuomba picha ya sumaku bado zinakuja zimeandikwa "MRI ya tumbo", basi. Tumboni mna mengi. Unatafuta nini humo? Kama ni kongosho, sema, maana picha yake ina sekunde zake.

Kongosho yenye afya hupokea damu nyingi. Mgonjwa akichomwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha, baada ya sekunde 35 hadi 45 hivi kongosho inang'aa kupita ini. Adenokasinoma, saratani tunayokutana nayo zaidi, imejaa nyuzi za kovu na damu yake ni haba, kwa hiyo sekunde hizohizo inabaki nyeusi. Hapo ndipo unapoiona. Chelewa, kongosho inafifia, kovu nalo linaanza kuivuta dawa polepole, na uvimbe wa sentimita 1.5 unakupotea ukiwa unautazama. Aliyepiga picha dakika ya tatu peke yake amefika harusini sahani zinaoshwa.

Uvimbe wa neuroendokrini, wa seli zinazotoa homoni, kwa kawaida hufanya kinyume: huwaka mapema. Ndio aliokuwa nao Steve Jobs, yule wa Apple, uliogunduliwa 2003. Akaishi hadi 2011, na watu bado wanasema "saratani ya kongosho" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Huo nao ukiikosa awamu ya ateri, yaani zile sekunde za mwanzo, unaweza usiuone kabisa.

"Daktari, si CT inatosha?" Nilijua mtaniuliza. Mara nyingi hiyo picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka inatosha, na hata mimi naanzia huko. Lakini zipo saratani ambazo kwenye CT zina rangi ileile ya kongosho: unaona mfereji wa kongosho umetanuka, umekatika ghafla, na kilichouziba hukioni. Huyo mletee MRI. Hata madoa madogo yaliyosambaa kwenye ini, MRI huyanasa vizuri zaidi, na ni heri kuyajua kabla mgonjwa hajapasuliwa.

Halafu si kila doa jeusi ni saratani. Kongosho yenye uchochezi sugu, iliyovimba muda mrefu bila saratani, huweza kufanana nayo mno, na hapo biopsi, kipande kinachokatwa na kupimwa, ndiyo inayoamua.

Saa inanikimbiza. Figo, haraka: ule ugonjwa wa ngozi kukakamaa uliohusishwa na gadolini mwaka 2006 uliwapata wenye figo zilizochoka sana, hasa kwa dawa za aina ya zamani. Andikeni kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kwenye fomu! Picha za mifereji ya nyongo, zisizohitaji sindano, nilikuwa nazo hapa; leo hazitafikiwa. Maswali? La bei muulizeni mhasibu.