Uso Ulio Chini ya Gunia

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie waasi na himaya katika filamu za angani. Nitaanzia kwenye kofia.

Star Wars ilipotoka mwaka wa 1977, George Lucas aliwavika askari wa himaya kofia nyeupe zinazofunika uso mzima. Askari akipigwa akianguka, hukuliona jicho lake. Hujui ametoka kijiji gani, wala kama aliandikishwa kwa hiari. Waasi ndio wenye nyuso, majina na ndugu. Kabla hatujasikia hoja ya yeyote, kofia imekwisha kutuamulia.

Lucas amewahi kusema kwamba alikuwa na vita vya Vietnam akilini, na kwamba Marekani, nchi yake mwenyewe, ilikuwa kwenye picha ya himaya ile: wenye mitambo mikubwa wakipambana na watu wa msituni. Lakini ni nani anayetoka sinema akijiona mtu wa himaya? Gizani mle sote ni waasi. Mjukuu wa mkoloni na mjukuu wa mfungwa wanapiga makofi pamoja Nyota ya Mauti, ngome ya himaya angani, inapolipuka.

Sasa turudi mjini kwetu. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil, ikiwasaka Mau Mau, waasi waliopigania ardhi na uhuru. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa kwa maelfu, wakapangwa foleni, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita gakunia, yaani kigunia. Akikutikisia kichwa, safari ya kizuizini imeanza.

Tazameni tofauti. Katika filamu, kinachofichwa ni uso wa mgeni, ili tusimhurumie. Hapa kilichofichwa kilikuwa uso wa mtu unayemjua: jirani, mwenzako wa kazini, pengine shemeji. Himaya haikuishi kwa mizinga pekee. Iliishi kwa watu wetu walioogopa, walioteswa hadi wakakubali, na wengine walioona faida. Filamu isiyo na gakunia haijatuambia himaya inavyofanya kazi.

Na mwasi je? Mimi nasimama na waliokwenda msituni, na nalisema hilo bila kusita, kwa sababu ardhi ilikuwa yao. Lakini usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kule Lari, nyumba za waliounga mkono serikali zilichomwa na Mau Mau, na wanawake na watoto wakafia humo. Kisha upande wa serikali ukalipiza kisasi kwa kuua watu wengi zaidi. Haki ya kudai ardhi haiwafuti watoto wale, na kisasi kile hakiifanyi serikali kuwa safi. Ukimpenda mpigania uhuru kwa dhati, utaweza kumuuliza: huyu naye ulimuua kwa nini?

Rogue One, filamu ya Star Wars ya mwaka wa 2016, ilithubutu kuuliza. Mapema kabisa, mwasi anampiga risasi mpasha habari wake mwenyewe, aliyeumia mkono na asiyeweza kupanda ukuta watoroke, ili asikamatwe akasema. Ni tukio fupi, na kwangu ndilo lenye ukweli kuliko vita vyote vya vyombo vya anga.

Nina dai moja tu kwa watengenezaji wa filamu hizi. Return of the Jedi, filamu ya Star Wars ya 1983, inafungwa kwa ngoma na mioto ya furaha msituni. Sisi nasi tulicheza ngoma, Desemba 1963. Lakini marufuku iliyowekwa na mkoloni dhidi ya Mau Mau mwaka wa 1950 ilibaki katika sheria zetu hadi 2003. Kwa miaka 40 bendera ilipepea, na chama kilichopigana msituni kikabaki haramu.

Naomba filamu inayoanza asubuhi baada ya ngoma ile. Mwasi kijana ameketi kwenye kiti cha gavana aliyekimbia. Faili za gavana ziko mezani, zina majina, na kalamu imo mkononi mwake.