Ndizi, Reli na Bandari: Guatemala Kabla na Baada ya 1954

Mabibi na mabwana, kila nikitaja United Fruit, kampuni ya ndizi ya Marekani, huulizwa: ndizi zinawezaje kuangusha serikali? Acheni ndizi, tazameni reli. Mkungu ukishakatwa hausubiri. Asiye na behewa na meli hana biashara. Kampuni hiyo, iliyoundwa mwaka 1899 na kuendeshwa kutoka Boston, ililijua hilo mapema. Nchini Guatemala, Amerika ya Kati, ilimiliki mashamba, ikaishika reli iendayo pwani, na Puerto Barrios, bandari kuu ya upande wa Atlantiki, ikawa mikononi mwake. Hata mkulima wa kahawa, ambaye hakuwahi kupanda mgomba, mzigo wake ulipita kwa kampuni ya ndizi. Rais wa nchi ya namna hiyo anatawala nini hasa?

Dikteta Jorge Ubico hakujisumbua na swali hilo. Mwaka 1936 alisaini na kampuni mkataba wa miaka 99, na misamaha ya kodi juu yake.

Kisha akaja Jacobo Árbenz, aliyechaguliwa rais mwaka 1950. Juni 1952 ikapita Amri 900: ardhi ya mashamba makubwa isiyolimwa igawiwe wakulima. Na fidia je? Hapa ndipo penye utamu. Mwenye shamba alilipwa kwa thamani aliyoitangaza mwenyewe kwa ajili ya kodi. Kampuni ilikuwa imezoea kuandika kidogo ili ilipe kidogo. Kwa zaidi ya ekari laki mbili ikapewa takriban dola 627,000. Serikali ya Marekani ikaidai Guatemala zaidi ya milioni 15 kwa niaba ya kampuni!

Waziri wa mambo ya nje wa Marekani, John Foster Dulles, alitoka katika ofisi ya mawakili iliyowahi kuitumikia kampuni. Ndugu yake Allen, wa ofisi hiyohiyo, aliongoza CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Wapo wanaosema hofu ya ukomunisti ilitosha peke yake. Huenda. Lakini waliowapeleka waandishi wa habari Guatemala wakauone huo ukomunisti ni watu wa Edward Bernays, fundi wa propaganda aliyelipwa na kampuni.

Juni 1954 Castillo Armas, kanali wa Guatemala aliyekuwa uhamishoni, alivuka mpaka kutoka Honduras na kikosi kidogo kilichoandaliwa na CIA, redio ikikikuza kama jeshi zima. Tarehe 27 Árbenz akajiuzulu. Ardhi ikarudi kwa kampuni. Siku chache baadaye, mwezi Julai, Wizara ya Sheria ya Marekani ikaifungulia United Fruit kesi ya ukiritimba.