Sindano za Kichina na Mgongo Usiopona: Mhadhara Uliotolewa Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Wazee wangu, shikamooni. Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kuona kina mama mmejaa mbele, maana kwa maumivu ya mgongo nyinyi ndio mnaobeba mzigo mkubwa.

Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba. Watu ninaowaona ni hawa hawa mnaowajua: wapagazi, madereva wa bodaboda, mama anayeinama juu ya karai la mihogo tangu alfajiri, mzee aliyekata mkonge Muheza au Korogwe ujana wake wote na sasa kiuno kinamdai. Siku hizi karibu kila mmoja ananiuliza swali lile lile: akupancha, yaani hizi sindano za Kichina, inasaidia, au tunaliwa pesa? Nimekuja kulijibu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia maumivu gani. Ukiteguka leo, ukaumwa wiki mbili, hayo ni maumivu ya kawaida, mwili unakuonya. Yakivuka miezi 3, madaktari huyaita maumivu sugu, na hapo mambo hubadilika. Mara nyingi kilichoumia kimeshapona, lakini mishipa ya fahamu na ubongo vimekuwa vyepesi mno kuhisi, kiasi kwamba hata kuinama kuvaa viatu kunachoma. Ndiyo maana unapiga eksirei, unaambiwa hakuna kitu, na nyumbani wanaanza kusema unajidekeza. Hujidekezi. Maumivu yako ni ya kweli.

Tunachokimbilia wengi ni diklofenaki, kidonge cha kutuliza maumivu. Unaingia duka la dawa, unanunua kipande, na mwezi wa tatu huo unameza asubuhi na jioni. Inatuliza, sikatai. Lakini dawa za jamii hiyo zikimezwa mfululizo huchimba vidonda tumboni na kuumiza figo, na mwenye presha humpandishia. Linaniuma sana hili, kwa sababu nimeona watu waliokuja na kiuno wakaishia na figo. Kwa hiyo tiba yoyote inayoweza kumpunguzia mtu vidonge, mimi naitazama kwa makini kabla ya kuicheka.

Sindano hizi si ngeni kwetu kama watu wanavyodhani. Madaktari wa Kichina waliingia Zanzibar mwaka 1964 na huku bara mwaka 1968, na wapo wazee waliowahi kuchomwa nao enzi za Mwalimu. Isitoshe, sisi watu wa pwani tumezoea tiba za juu ya ngozi: tunachua, tunakanda, tunapiga chuku kwa pembe na wembe. Kwa hiyo anayesema haya ni mambo ya ajabu hajakaa na bibi yake vizuri.

Huko Magharibi habari zilienea mwaka 1971, pale mwandishi wa Marekani James Reston alipopasuliwa kidole tumbo akiwa Beijing. Watu husimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano hizo bila dawa ya ganzi. Sivyo. Ganzi alichomwa ya kawaida kabisa. Akupancha alifanyiwa baadaye, tumbo lilipomjaa na kumsumbua baada ya operesheni. Nalitaja kwa sababu tiba hii imetiwa chumvi tangu siku hizo, na chumvi hiyo ndiyo inayowafanya wengine waikatae yote.

Sasa tazameni hii hapa mkononi mwangu. Naomba ipitishwe, ikiwa ndani ya pakiti yake. Unene wake ni kama robo ya milimita. Sindano ya hospitali ya kuchomea dawa huwa karibu mara tatu ya hiyo. Haina tundu ndani, wala haibebi dawa yoyote. Mtaalamu anaisimamisha ndani ya kijimrija cha plastiki, anaigonga kwa kidole, mrija unatoka na sindano inabaki. Mtu wa kiuno atawekewa kiunoni na nyuma ya goti. Wa kichwa huenda akawekewa hapa, kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Unalala dakika 20 hadi 30. Kinachosikika si mchomo. Ni uzito, kujaa, au ganzi inayotambaa. Ukisikia moto mkali au shoti ya umeme, sema hapo hapo, irekebishwe.

Inafanyaje kazi? Wachina wa kale walieleza kwamba kuna nguvu iitwayo qi inayopita katika njia maalumu mwilini. Nawaheshimu, lakini njia hizo hakuna aliyezikuta kwa kupasua mwili, na mimi siegemei hapo. Naegemea penye vipimo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mithili ya mlango: hisia nyingine za ngozi na misuli zikipita kwa wingi, za maumivu hubanwa. Ndiyo maana ukijigonga kidole unakisugua. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, Uskoti, walibainisha kwamba ubongo wenyewe hutengeneza viini vinavyotuliza maumivu kwa namna ya mofini, ile dawa kali ya maumivu. Miaka miwili baadaye, watafiti waliwatuliza watu maumivu kwa akupancha, kisha wakawapa dawa inayozuia viini hivyo, na ile nafuu ikapungua. Basi kuna kitu kinatokea.

Ila swali gumu ni hili, na naomba mnivumilie hapa. Je, ni sindano, au ni kulala mahali patulivu ukishughulikiwa na mtu anayekujali? Wajerumani walilipima. Walichukua watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno, wakawagawa mafungu matatu. Fungu moja likapata akupancha ya kanuni. La pili likachomwa juu juu, tena mahali ambapo si pa kanuni, bila kujua. La tatu likapewa dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya maana katika fungu la kwanza walikuwa asilimia 47.6. La pili, asilimia 44.2. La tatu, asilimia 27.4. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007.

Mnaona utata wake? Sindano za kanuni na zile za kubahatisha ziliachana kidogo sana, na zote mbili zikayashinda matibabu ya kawaida kwa mbali. Wapo wanaosema, basi ni imani tupu, tuachane nayo. Mimi sisemi hivyo. Mama aliyeshindwa kuchuchumaa miaka mitatu, leo akichuchumaa, siwezi kumwambia nafuu yake si halali. Lakini pia sitamwambia kwamba ana nguvu iliyoziba nikaizibua. Baadaye, mwaka 2018, watafiti waliunganisha takwimu za watu 20,827 wenye maumivu ya mgongo, shingo, bega, magoti au kichwa. Akupancha ya kweli iliishinda ya uongo, kwa kiasi kidogo. Ikawashinda wasiochomwa kabisa kwa kiasi kikubwa zaidi. Na sehemu kubwa ya nafuu ilikuwepo hata baada ya mwaka.

Wakubwa wenyewe wamevutana. Uingereza mwongozo wa matibabu wa mwaka 2009 uliikubali kwa kiuno, wa 2016 ukaiondoa, wa 2021 ukairudisha kwa baadhi ya maumivu sugu, na wa 2022 ukasema isitolewe kwa magoti yaliyolika. Shirika la Afya Duniani, Desemba 2023, liliiweka miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika kwa maumivu sugu ya kiuno, na likashauri mikanda ile ya kubana kiuno isitumike kama kawaida. Najua mmoja au wawili hapa mmeivaa.

Msimamo wangu basi ni huu: sindano hukupa nafasi, na nafasi hiyo lazima uitumie kutembea. Yupo mama mmoja wa Makorora, muuza mihogo. Kila akitoka kuchomwa alikuwa anapata nafuu siku mbili au tatu, kisha kiuno kinarudi. Tukakubaliana siku hizo mbili asilale. Atembee hadi sokoni badala ya kupanda bajaji, karai alipandishe juu ya meza asiiname, na jioni afanye mazoezi mawili niliyomwonyesha, pale pale kwenye mkeka wake. Nafuu ikarefuka. Leo diklofenaki anainunua mara moja moja. Maumivu hayajaisha yote, na yeye mwenyewe atakwambia, lakini anafanya kazi yake na usiku analala.

Na msichomwe bila kikomo. Bima ya wazee ya Marekani, tangu 2020, hulipia mara 12 ndani ya siku 90 kwa maumivu sugu ya kiuno, na asiyeonyesha nafuu husimamishwa. Ukienda mara sita, saba, huoni tofauti yoyote, okoa pesa yako.

Kabla ya yote, nenda hospitali. Nenda Bombo, nenda kituo cha afya. Mgongo unaouma usiku kucha huku unakonda na una homa unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hicho hakitibiwi kwa sindano hizi. Mguu ukilegea, mkojo ukikutoka wenyewe, au sehemu za siri zikifa ganzi, usisubiri kesho.

Kwa mtoa tiba, muulize usajili wake. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu 2002, na Baraza la kuwasimamia watoa tiba hizo lipo. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, na sindano ikitoka itupwe. Kurudia sindano ni kugawa homa ya ini na Virusi vya UKIMWI. Mwambie kama una mimba, au unatumia dawa za kuyeyusha damu. Sindano ya kifuani au begani ikizama sana hutoboa pafu. Ni nadra, lakini ndiyo sababu ya kutaka mtu aliyesoma.

Mzee pale amenyoosha mkono muda mrefu, anauliza kama anaweza kuchanganya na chuku. Mzee wangu, unaweza, ila si siku moja, na wembe uwe mpya. Dawa yako ya presha usiiache hata ukijisikia mzima. Na usije na njaa. Wengi wanaozimia kitandani kwangu hawakunywa hata chai.