Barua ya majibu ya choo: inasema nini na haisemi nini

Haya jamani, kule nyuma mnanisikia? Sawa. Watoto waende chumba cha pili wakale keki maana leo tunaongea mavi, yaani kile kipimo cha choo cha kuchunguza kansa ya utumbo na barua yake ya majibu, samahanini wazee wangu, nimelitamka mapema ili tusije kuona haya katikati.

Mie ni nesi, nafanya kazi chumba cha kamera, ile kamera inayopita njia ya nyuma, na mara kwa mara napokea mtu wetu anakuja analia kwa sababu barua imesema anahitaji vipimo zaidi na yeye usiku mzima keshagawa mali kichwani. Huyo simuogopi, namtuliza, namfunga kanzu ya hospitali, tunaendelea. Ninayemuogopa ni yule nisiyemuona, kapata barua inasema havihitajiki vipimo zaidi, kaitupia kwenye droo anasema mie nimepimwa mzima, na huku anatoka damu chooni mwezi wa 4 sasa. Wote wawili barua wameisoma vibaya.

Tuanze na kile kipakti cha kuchukulia choo nyumbani. Hapa England ukiwa na miaka 50 mpaka 74 kinakuja kwa posta kila baada ya miaka 2, alimradi umejiandikisha kwa GP, daktari wako wa mtaani, na adresi ni sahihi, ukihama bila kuwaambia kinamfikia mpangaji mpya. Ndani kuna kichupa chenye kifuniko cha kijani, ukikifungua kuna kijiti, unakwaruza juu ya choo mpaka vile vijimfereji vya kwenye kijiti vifunikwe, bas, sio ukijaze kama unapima mafuta ya taa. Choo kisiguse maji, tandika karatasi nyingi au tumia kopo la aiskrimu, lile tunalowekea sambusa kwenye friza, ila likishafanya kazi hiyo sambusa zitafutiwe kopo jingine (mnacheka, mie najua nyumba zetu). Na andika tarehe kwenye kichupa. Mama mmoja kafanya kila kitu sawasawa kasahau tarehe, wakamwambia arudie, akaudhika akaachana nacho.

Sasa maabara wanatafuta nini? Hawatafuti kansa. Kipimo kinaitwa FIT, kinatafuta damu ya binadamu ambayo kwa jicho huioni, maini uliyokula jana hayaingii humo, hayo yalikuwa ya kipimo cha zamani. Damu wanaipima kwa mikrogramu ndani ya gramu moja ya choo, halafu pana mstari, ukiuvuka unaitwa, usipouvuka huitwi. Sikilizeni hapa maana ndo penyewe. England walipoanza kutumia FIT 2019 mstari waliuweka 120, na Scotland ni 80. Kwa hiyo mtu mwenye 90 Glasgow anaitwa, na mwenzie wa Birmingham mwaka ule mwenye 90 hiyohiyo alipata barua ya kwamba hakuna kinachohitajika. Damu ni ileile! Mstari unachorwa kwa kuangalia pia nafasi za kamera ziko ngapi, watu wakiitwa wote foleni haiendi. Ndo maana barua haisemi huna damu wala haisemi huna kansa, inasema kwa kipimo hiki, siku ile, hukufika kwenye mstari.

Na ukienda kwa GP mwenyewe kwa sababu una dalili, anaweza kukupima FIT hiyohiyo, ila mstari wake ni 10. Kumi! Mmeona tofauti? Kwa hiyo ukiona damu, au choo kimebadilika wiki 3 na hakirudi, unakonda bila kujinyima, unachoka halafu unaambiwa damu imepungua, usiniambie kipakti cha mwaka jana kilikuwa safi. Nenda.

Haya, umeitwa. Kati ya watu 100 wanaorudisha kipakti kama 2 hivi ndo wanaitwa, na wengi wao hawakutwi na kansa, wanakutwa na bawasiri, au vinyama vilivyoota ndani ya utumbo (polipu), au utumbo una vidonda, na wengine hatukuti kitu kabisa. Lakini nani kati yao anayo hatujui mpaka tuingie. Kaka mmoja alitafuta kipimo kingine cha kununua, cha pili kikawa safi, akashangilia, akafuta miadi. Vinyama havitoi damu kila siku, leo vinatoa, kesho vimenyamaza, kwa hiyo cha pili kuwa safi hakifuti cha kwanza. Ukishaitwa, jibu liko kwenye kamera, na kama kamera haikufai kwa afya yako kuna CT ya utumbo, yaani picha ya mashine, muulize yule nesi atakayezungumza nawe kabla.

Maandalizi ndo watu wanayalalamikia kuliko kamera yenyewe. Siku kama 2 kabla unaacha maharage, mchicha, njugu, dona, matunda yenye mbegu, unakula wali mweupe, samaki, mayai, mkate mweupe. Vidonge vya madini ya chuma unaacha wiki nzima kabla maana vinapaka utumbo rangi nyeusi. Mwenye sukari au anayetumia dawa za kuyeyusha damu apige simu kwanza, asijiamulie. Halafu dawa ya kuharisha, unakunywa yote, sio nusu eti nimeshaharisha inatosha, mpaka kinachotoka kiwe kama mkojo. Ukija na mabaki hatuoni kitu, na utarudia yote upya. Akina mama mnaweza kuomba mfanyaji awe mwanamke, ombeni mapema.

Utumbo safi kwenye skrini unang'aa pinki kama ndani ya shavu lako. Kinyama unakiona kimeota kama kiuyoga na kishina chake, au kimelala bapa, hicho ndo kigumu kukiona. Tunakivisha kitanzi cha waya, tunakikata hapohapo, husikii maana ngozi ya ndani kule haina maumivu ya kukatwa, unachosikia ni gesi. Kinaenda maabara. Na hapa ndo tunazuia kansa yenyewe, maana kinyama huchukua miaka mingi kabla hakijageuka.

Swali? Bi mkubwa anasema yeye katolewa vinyama 2 vidogo akaambiwa asirudi kwa kamera, atasubiri kipakti, na mdogo wake yuko Minnesota katolewa 2 vilevile kaambiwa arudi baada ya miaka 7, sasa nani kadanganywa? Hakuna, shangazi. Hapa tangu 2020 unaitwa tena baada ya miaka 3 kama vinyama vya aina ya hatari, vile vinavyoweza kugeuka kansa, vilikuwa 5 au zaidi, au 2 au zaidi na angalau kimoja kimefika milimita 10 au seli zake zimeharibika sana. Chini ya hapo unarudi kwenye kipakti. Kikubwa cha bapa kikikatwa vipandevipande ni mapema, miezi 2 mpaka 6, tunakagua kovu. Marekani wao kwa kimoja au 2 chini ya milimita 10 wanasema miaka 7 mpaka 10, na wanaanza kupima watu wakiwa na 45. Ila mpigie huyo mdogo wako, mwambie aitoe ile ripoti asome idadi na milimita, maana "vidogo" vya kusimuliana kwa simu mie sivijui, na kama mama yenu au baba aliugua ugonjwa huu, shangazi, habari nyingine kabisa, uniambie sasa hivi tukishuka hapa.