Kila Maziwa na Upungufu Wake: Mhadhara kwa Wazazi na Wahudumu wa Afya, Dodoma

Mbukwenyi, kina mama, kina baba, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Chamwino, Bahi na Kongwa.

Nimeombwa kuzungumzia maziwa yanayomfaa mtoto mdogo. Nilipowauliza kina mama kadhaa kabla ya kikao hiki wangependa nieleze nini, wote waliuliza jambo lile lile: yapi yana nguvu zaidi, ya ng'ombe, ya mbuzi au ya kopo? Naomba kulijibu swali hilo kwa kuanzia upande wake wa pili. Hakuna maziwa yasiyokosa kitu, na mtoto wa umri fulani huweza kuuvumilia upungufu ambao ungemwumiza mdogo wake, kwa hiyo tutakapoyajua yanayokosekana ndipo tutakapojua nani apewe nini na lini.

Kuhusu maziwa ya mama sitakaa sana, kwa kuwa mmeyasikia kliniki mara nyingi. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Zipo nyumba ambazo bado dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, hukamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni machafu, ilhali ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote yatakayofuata. Na hata katika joto la Dodoma la mwezi wa kumi, mtoto wa miezi 3 hahitaji maji ya kunywa, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa anayonyonya ni maji. Mama anayeishi na VVU na anayetumia dawa zake vizuri naye hunyonyesha, kwa mpango atakaopewa kliniki. Asiamue peke yake kuacha.

Hata hivyo, maziwa ya mama nayo yana madini ya chuma kidogo. Mtoto hayapungukiwi miezi ya mwanzo kwa sababu huzaliwa na akiba mwilini, na kile kidogo kilichomo katika maziwa ya mama hufyonzwa vizuri. Akiba hiyo hukaribia kwisha mtoto anapofikia nusu mwaka, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuanzisha vyakula vingine wakati huo, wala si baadaye kwa kuwa eti mtoto bado ananenepa.

Sasa tuje kwa ng'ombe. Maziwa yake yana protini takribani gramu 3.3 katika kila mililita 100, wakati ya mama yana takribani gramu 1. Ndama anahitaji protini hiyo, kwani hukua haraka kuliko mtoto wa binadamu. Lakini figo za mtoto mchanga hulazimika kufanya kazi kubwa mno kuondoa mabaki yake pamoja na chumvichumvi. Kisha kuna chuma. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe ina takribani nusu miligramu tu, na kalsiamu pamoja na protini za maziwa hayo huzuia chuma kilichomo katika vyakula vingine kisifyonzwe vizuri. Juu ya hayo, kwa baadhi ya watoto wachanga maziwa haya huusumbua utumbo hadi ukavuja damu kidogo kidogo, isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana utamkuta mtoto mnene, mwenye mashavu ya kupendeza, anayesifiwa na majirani wote, na ukifunua kope yake ya chini unaikuta nyeupe, dalili ya kupungukiwa damu, kwani bila chuma mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha.

Kuyazimua kwa maji na kuongeza sukari, kama walivyofanya wazee wetu, hupunguza protini lakini hupunguza pia mafuta na vitamini, wala hakuongezi chuma. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 ambaye kweli hawezi kupata maziwa ya mama, njia inayofaa ni maziwa maalumu ya watoto wachanga ya kopo.

Nije kwa mbuzi, maana najua ndilo jambo mlilolijia. Katika mkoa huu mbuzi ni mali, ni mahari na ni kitoweo cha mgeni, na maziwa yake husifiwa kuwa mepesi tumboni. Wapo pia wanaoamini kuwa mtoto anayedhuriwa na maziwa ya ng'ombe atapona akipewa ya mbuzi. Protini za maziwa haya mawili zinafanana mno, hivyo wengi wa watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe watapata mzio huo huo kwa ya mbuzi. Jambo zito zaidi ni folati, vitamini ambayo mwili huitumia kutengeneza damu: maziwa ya mbuzi yanayo kidogo sana, kuliko ya ng'ombe na kuliko ya mama. Nilipata kumpokea bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu aliyefiwa na mama yake. Alimpa maziwa ya mbuzi matupu kwa upendo wote, akamchagulia mbuzi aliye bora zizini, na mtoto akaja kwetu akiwa amepauka na hana nguvu ya kulia. Bibi yule hakuwa mzembe hata kidogo. Mtoto akishatimiza mwaka, akawa anakula maharage, majani ya kunde na mlenda, folati ataipata humo, na maziwa ya mbuzi yatakuwa kitu kizuri kwake.

Iwe ng'ombe au mbuzi, maziwa yachemshwe. Ugonjwa wa brusela, ule unaowafanya wanyama kutupa mimba, huingia kwa binadamu kwa maziwa mabichi na kuleta homa inayokuja na kuondoka, ambayo mara nyingi hutibiwa kama malaria. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo. Uchachu wa mtindi hauaminiki kuviua vijidudu hivyo. Nimewasikia kina mama wakilalamika kuwa maziwa yaliyochemshwa hayagandi, nao wana haki, kwa sababu moto umeua pia vijidudu vya kugandisha. Basi chemsha hadi yapande, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha koroga ndani yake kijiko cha mtindi wa jana ambao nao ulitokana na maziwa yaliyochemshwa.

Kuanzia miezi 6 hadi 11, kwa mtoto asiyenyonya, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unaruhusu ama maziwa ya kopo ya watoto ama maziwa ya mnyama. Madaktari wengi wa watoto bado hupendelea ya kopo hadi mwaka 1 kwa ajili ya chuma kilichoongezwa, nami niko upande wao pale ambapo familia inaweza kuyagharamia. Lakini kopo la wiki 1 lililozimuliwa ili lifike wiki 2 ni njaa iliyofichwa ndani ya kikombe. Kijiko cha kupimia kifuatwe, maji yachemshwe na yatumike yangali moto, yasipungue nyuzi 70, kisha maziwa yapozwe kabla ya mtoto kupewa, na yaliyokaa zaidi ya saa 2 tangu kutengenezwa yamwagwe.

Baada ya mwaka 1 mambo huwa mepesi. Mwongozo huo huo hauyapendekezi yale makopo ya kuendeleza mtoto yanayouzwa kwa watoto wa umri huo. Kwa fedha hiyo nunueni mayai. Maziwa yawe na mafuta yake yote, kwani mtoto wa chini ya miaka 2 anayahitaji kwa ukuaji wa ubongo. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari hayamfai. Chai ya maziwa pia haifai, kwa kuwa majani ya chai huzuia chuma. Maziwa ya soya yana protini ya kutosha kiasi, lakini bila kuongezewa virutubisho yana kalsiamu kidogo.

Kiasi nacho kina mpaka. Vikombe viwili vidogo kwa siku, yaani isizidi nusu lita, vinatosha, kwa sababu mtoto aliyejaa maziwa hukataa ugali na maini. Kwenye uji wake tieni unga wa ubuyu, ambao mkoa huu umejaliwa. Vitamini C iliyomo husaidia chuma cha kwenye nafaka na maharage kufyonzwa. Asali ya Kondoa au Manyoni, tamu ilivyo, isubiri mpaka atimize mwaka 1, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vyenye sumu kali kwa mtoto mchanga. Na mnyweshe kwa kikombe, maana chupa yenye chuchu ni vigumu kuisafisha katika nyumba ambayo maji hununuliwa kwa dumu.

Mama wa mstari wa pili, uliyeinua mkono tangu nilipomtaja mbuzi, karibu sasa uulize.